Kaseti Imenisuta

Jumamosi tulikutana tena Buruburu, sisi watatu wa bendi yetu ya zamani ya panki. Vitambi vimeongezeka!

Kwa miaka 15 nimekuwa nikimlaumu mpiga dramu wetu kwamba alikuwa akiharakisha nyimbo. Lawama hizo ndizo zilizomfanya atuache.

Nilikuwa nimeiingiza kaseti yetu ya pekee kwenye kompyuta kwa Audacity, programu ya bure, sampuli 44,100 kwa sekunde. Tukakuza mawimbi kwenye skrini. Vijiti vyake: moja, mbili, tatu, nne, nafasi sawasawa. Gitaa langu likaingia kabla ya wakati, wimbo baada ya wimbo.

“Nisamehe, ndugu yangu.”

Akacheka. “Si nilikwambia?”

Una kaseti ya zamani? Ihamishe leo. Lakini jiandae kusutwa.