Nilifuata upepo wa simu mpaka Iramba

Kama umewahi kuwa na mpenzi anayeishi mbali utanielewa. Kila jioni, saa kumi na mbili na nusu, mchumba wangu alikuwa ananipigia simu, na kila jioni nilikuwa nasikia kitu kilekile nyuma ya sauti yake. Upepo! Tena si upepo wa feni. Ni ule wa kuvuma kweli kweli, kama mtu aliye juu ya pikipiki inayokwenda kasi.

"Upo wapi?"

"Nipo tu hapa."

"Hapa wapi?"

"Hapa nje."

Na wewe unajua akili ya mtu aliyeachwa mbali inavyofanya kazi usiku. Nikaanza kumwona kichwani mwangu akiendesha pikipiki, na nyuma yake kuna mtu amemshika kiuno.

Halafu tukaacha kuonana kwa video. Krismasi nilikuwa nimemnunulia simu janja nzuri, laki nne na nusu, hela ya mkopo wa kikoba. Kufika mwezi Machi kila nikitaka kumwona uso, jibu ni moja: "Bando limeisha." Nikimtumia bando, anasema mtandao unasumbua. WhatsApp yake ikawa ya tiki moja asubuhi mpaka usiku. Mashoga zangu wa ofisini hawakunisaidia. "Shoga, mtumishi wa Mungu naye ni mwanaume," waliniambia, wakacheka.

Mwenzangu ana miaka 29, ni mwinjilisti wa Kilutheri. Kwa wasiofahamu, usharika unakuwa na mchungaji, na chini yake kuna mitaa. Kila mtaa unaangaliwa na mwinjilisti. Yeye ndiye anayeongoza ibada, anayefundisha watoto wa kipaimara, anayeitwa penye msiba na penye ugomvi wa mke na mume. Mtaa wake uko Iramba, mkoani Singida. Mimi ni mhasibu, niko Dar. Tulikutana Dodoma kwenye harusi ya rafiki, na tangu hapo mapenzi yetu yamekuwa ya simu zaidi kuliko ya macho.

Mwezi Juni nikaomba ruhusa kazini, nikafunga begi. Sikumficha kwamba nakuja. Nilichomficha ni kwamba nilikuwa nakuja kuamua.

Dar mpaka Singida

Siku hizi safari yenyewe si ya kuogopa. Tangu mwaka 2024 treni ya umeme inafika Dodoma, kwa hiyo niliondoka Dar alfajiri, na asubuhi hiyohiyo nilikuwa stendi ya Nanenane natafuta basi. Kutoka hapo mpaka Singida mjini ni takriban kilomita 240, lami tupu. Unapita Bahi, barabara inapanda ukingo wa Bonde la Ufa kuelekea Manyoni, halafu Issuna, Ikungi, na polepole nchi inaanza kujaa mawe.

Jamani, mawe ya Singida! Mawe makubwa kama nyumba, mengine yamebebana juu ya mwenzake kama mtu aliyapanga akaenda kula akasahau kurudi. Yapo porini, yapo katikati ya mji, yapo nyuma ya nyumba za watu na hakuna anayehangaika nayo. Na kila mahali unapopita ni alizeti. Kwa kuwa ilikuwa mavuno, zilikuwa zimekauka, vichwa vimeinama, na watu wanazipiga kwa fimbo juu ya maturubai. Pembeni mwa barabara madumu ya mafuta yamepangwa kama wanajeshi, pamoja na vitunguu na asali.

Nililala mjini. Jioni nikaenda kutazama Ziwa Singidani, maji ya chumvi ambayo huvutia ndege aina ya heroe. Nilikaa ukingoni na koti langu jepesi la mtoto wa mjini, natetemeka. Mwezi Juni Singida ni baridi, na upepo wake si wa kuchezea. Ukivuma unaingia mpaka ndani ya sikio. Nikajiuliza, je, ndiyo huu ninaousikia kwenye simu? Moyo ukanijibu kwamba inawezekana. Akili ikasema, subiri kwanza.

Pikipiki ya mtumishi

Jumamosi asubuhi nikapanda basi la njia ya Nzega mpaka Misigiri, pale njia panda ya kwenda Kiomboi. Nikamkuta ananisubiri na pikipiki yake, amevaa koti zito, uso umejaa vumbi na tabasamu. Nilipomwona nusu ya hasira yangu iliyeyuka. Nusu nyingine ikabaki, kwa sababu alipotaka kumjulisha mtu kwamba nimefika alitoa mfukoni kiswaswadu kilichofungwa mpira wa manati ili betri isidondoke.

Sikusema kitu. Nikapanda nyuma. Pikipiki ilikuwa inaunguruma vizuri ajabu, wakati mwaka jana aliniambia injini inakaribia kufa.

Kijiji chenyewe naomba nikihifadhi jina. Nilifikia kwa mzee mmoja wa kanisa, nyumba ya tatu kutoka kwake, maana mchumba halali nyumbani kwa mwinjilisti hata kama nyumba ina vyumba saba. Mama mwenye nyumba alinipokea kwa kicheko. "Karibu, mama mwinjilisti!" Nikamwambia bado, mama, hatujafunga ndoa. "Aa, sisi tumeshakuzoea kwenye maombi," akasema. Kumbe jina langu hutajwa kwenye ibada za nyumba kwa nyumba! Nikala ugali wa mtama na mlenda mpaka nikalegeza mkanda.

Mchana tulizunguka wote. Nilifikiri nitaona mtu anayetembea na Biblia tu, kumbe nusu ya kazi yake ni simu za watu. Bibi mmoja alitumiwa pesa na mwanawe aliye Dar, lakini hajui kusoma. Akamkabidhi mwinjilisti simu, halafu akaanza kumtajia namba ya siri kwa sauti mbele ya majirani. "Bibi, hiyo usinitajie mimi wala mtu yeyote!" Tulicheka, lakini alikaa pale nusu saa nzima akimfundisha kubonyeza mwenyewe. Tangu pesa za simu zianze nchini mwaka 2008, vijiji vingi vimepata benki kabla ya kupata lami, na kwa bibi kama yule mlinzi wa benki hiyo ni mtu anayemwamini.

Kwa mwalimu wa kwaya nikakuta paneli moja ya sola inalisha betri, betri inalisha kinanda, spika na foleni ya simu za vijana zinazochajiwa. Nyimbo zao wanarekodi wenyewe na kugawana kwa memori kadi.

Halafu tukapita kwa mshikaji wake mkubwa, fundi pikipiki, Muislamu, ambaye kila Ijumaa hufunga kibanda mapema kwenda msikitini na kila Jumapili humtania mwenzake kwamba mahubiri yake yalikuwa marefu. Akatumiminia kahawa, akaniangalia kwa furaha, akasema:

"Shemeji, umeisikia injini? Pistoni mpya, ringi mpya, tairi mpya. Simu yako ile imetufaa kweli!"

Kimya. Mchumba wangu akaangalia kikombe chake. Fundi akatuangalia mimi na yeye, akaelewa, akajishika kichwa. "Astaghafirullah. Hukumwambia?"

Juu ya jiwe

Saa kumi na mbili jioni akaniomba tutembee. Nyuma ya kanisa kuna jiwe, moja ya yale mawe ya Singida, refu kupita paa la kanisa lenyewe. Watoto wamelipanda mpaka wametengeneza njia. Nikavua viatu, nikamfuata. Tulipofika juu upepo ukanipiga kifuani nusura uondoke na mtandio wangu, na wakati huohuo simu yangu, iliyokuwa kimya kutwa nzima, ikaanza kulia ti, ti, ti, ujumbe unaingia mmoja baada ya mwingine.

"Mtandao unapatikana hapa tu," akasema. "Hapa ndipo huwa nakupigia."

Nikasimama palepale. Ule upepo! Miezi yote ile niliyomwekea mwanamke nyuma ya pikipiki, mtu alikuwa amesimama peke yake juu ya jiwe, gizani linapoingia, na baridi lile, ili anisalimie. Nilitaka kulia. Lakini jambo lingine lilikuwa bado.

"Na simu?"

Akaeleza. Mwezi Machi injini ilikufa kabisa. Mtaa wake una watu waliotawanyika, wengine mwendo wa saa mbili kwa mguu. Posho yake inatokana na sadaka, sadaka inatokana na mavuno, na mavuno ni Mei kwenda mbele. Akauza simu, laki mbili na nusu, akatengeneza pikipiki.

"Kwa nini hukuniambia?"

"Niliona aibu. Mwanaume umenunuliwa zawadi na mchumba, unaiuza. Nikasema nitanunua nyingine baada ya mavuno, hutajua."

"Kwa hiyo bando limeisha ulikuwa uongo."

"Ulikuwa uongo," akasema. Hakuongeza neno.

Nikamwambia ukweli na mimi. Kwamba simu sikuikasirikia, hata angeiuza ya milioni. Nilichokikasirikia ni kwamba alinyamaza, na katika ule ukimya wake mimi nilitunga hadithi nikaiamini. Nikamwambia nilikuja na uamuzi mfukoni, na kwamba Jumatatu nilikuwa nimepanga kumrudishia pete. Alikaa chini. Na mimi nikakaa. Giza likaingia, tukaongea mpaka mama mwenye nyumba akatuma mtoto aje kuita chakula.

Jogoo wa mnada

Ulutheri huku si mgeni. Wamisionari kutoka Marekani walifanya kazi Iramba tangu miaka ya 1920, na wazee wanazungumzia mambo ya kanisa kama mambo ya ukoo. KKKT yenyewe ilizaliwa mwaka 1963, na Dayosisi ya Kati makao yake yako Singida mjini. Kwa hiyo Jumapili kanisa lilijaa, kina mama na vitenge vyao, vijana na miwani ya jua iliyopandishwa kichwani.

Mchumba wangu alihubiri juu ya Zakayo. Akasema watu wanakumbuka sana kwamba Zakayo alipanda mti, lakini mambo yake yalitengenea aliposhuka na kusema nani anamdai. Hakunitaja. Hakuangalia upande wangu hata mara moja. Baada ya ibada nilimnong'oneza kwamba Zakayo alirudisha mara nne, kwa hiyo namdai simu nne. Ndiyo mara ya kwanza tulicheka tangu kibandani kwa fundi.

Nje ukaanza mnada wa sadaka. Kama hujawahi kuona mnada wa kanisani, umekosa raha. Asiye na hela analeta alichonacho: maboga, mayai, debe la alizeti, mtama, kuku. Mzee wa kanisa anageuka dalali. Mtu ananunua mayai, halafu anayarudisha yauzwe tena. Jogoo mmoja mwekundu alipoletwa kina mama wakanisukuma mbele, nikapandisha bei mpaka elfu kumi na nane, nikashinda. Tatizo sikuwa na hela taslimu. Na simu pale chini haina mtandao! Basi, mtoto wa mjini na gauni lake la kanisani nikapanda jiwe kwa mara ya pili, watoto wananisindikiza kwa shangwe, kwenda kutuma pesa ya jogoo.

Jogoo huyo tulimla kwa fundi, aliyemchinja mwenyewe ili tule wote bila wasiwasi.

Tulichoamua

Pete sikuirudisha. Lakini sikuondoka na maneno matamu tu. Tulikubaliana mambo mawili. La kwanza, likitokea la hela, hata la aibu, linasemwa siku hiyohiyo juu ya jiwe. La pili, mimi siachi kazi. Ofisi yetu ina tawi Singida mjini, na barua ya kuomba uhamisho nimeshaipeleka. Ikikubaliwa, ndoa ni baada ya mavuno yajayo, na nitakuwa mke wa mwinjilisti anayepanda basi la Misigiri kila Ijumaa jioni. Si maisha niliyoyaota nilipokuwa chuo. Ila nimeyaona kwa macho yangu, na najua yanakuwaje mwezi Machi.

Na wewe kama mwenzio anafanya kazi mkoani, usimalize mambo kwa simu. Nenda. Ukienda Singida Juni au Julai beba sweta, beba viatu vya kutembelea mawe, na acha nafasi kwenye begi kwa mafuta ya alizeti na asali. Beba na hela taslimu kidogo, kwa ajili ya mnada.

Jumanne jioni nilikuwa nimerudi Dar, foleni, joto, honi. Saa kumi na mbili na nusu simu ikalia. Upepo ukaingia sikioni kabla ya sauti yake.

Sikumuuliza yupo wapi. Nilimwambia avae koti.