Kifafa cha Mimba: Jina na Ushahidi wa Damu

Sisi wanafunzi wa Kiswahili tumezoea kujadili istilahi kana kwamba ni suala la kamusi na makongamano tu. Katika makala haya mafupi nadhamiria kuonyesha kwamba istilahi yaweza kumchelewesha mjamzito kufika hospitalini, na kwamba ikiundwa vyema yaweza kumharakisha.

Maradhi ninayoyazungumzia huitwa kifafa cha mimba. Kitaalamu yana hatua mbili. Ya kwanza ni prieklampsia, ambayo aghalabu hujitokeza baada ya wiki 20 za ujauzito: shinikizo la damu hufikia 140/90 au zaidi, na mara nyingi protini huonekana katika mkojo. Ya pili ni eklampsia, yaani mwili kutetemeka kwa nguvu na fahamu kupotea. Neno eklampsia lina asili ya Kigiriki, nalo huashiria mmweko wa ghafla. Wataalamu walilitangulizia kiambishi chenye maana ya "kabla". Kiswahili cha kila siku hakikukibeba kiambishi hicho. Wahenga walisema dalili ya mvua ni mawingu. Sisi tumeyapa mawingu jina la gharika.

Dada yangu aliolewa Mutomo, kusini mwa Kitui. Mimba yake ilipotimiza miezi saba, uso ulimvimba na kichwa kikamuuma bila kukoma. Muuguzi wa zahanati alimpima, akamwambia ana dalili za kifafa cha mimba, aende hospitali kubwa siku iyo hiyo. Mama mkwe wake alisimama mlangoni akasema, "Mwanangu, katika ukoo huu hakuna mwenye kifafa." Mama huyo hakuwa katili wala mpumbavu. Alilisikia neno kama lisikikavyo: ugonjwa wa kurithiwa, wenye kuleta aibu na kuvunja posa. Usiku wa pili mtetemeko ulimpata dada, ndipo gari likatafutwa. Dada alipona, mtoto hakuishi.

Hali kadhalika, sayansi imethibitisha kwamba maradhi haya si kifafa cha ukoo, bali chanzo chake ni kondo la nyuma. Mnamo 2003 watafiti wa Boston walionyesha kwamba kondo lenye hitilafu humwaga katika damu ya mama protini iitwayo sFlt-1 kupita kiasi. Protini hiyo huinasa nyingine, PlGF, ambayo kazi yake ni kuitunza mishipa ya damu. Utafiti uliochapishwa 2016 ulionyesha kwamba uwiano wa sFlt-1 kwa PlGF ukiwa 38 au chini, mama aliyeshukiwa kuwa na maradhi haya ana uwezekano mdogo sana wa kuyapata katika wiki moja ifuatayo. Mnamo Mei 2023 Marekani iliidhinisha kipimo cha aina hiyo kwa wajawazito waliolazwa. Kwa ufupi, damu huweza kutamka ile "kabla" ambayo lugha yetu imeinyamazia.

Hata hivyo, kipimo hicho huhitaji mashine ya maabara, na kaunti ya Kitui ina eneo la takriban kilomita za mraba 30,000. Katika sensa ya 2019 ilikuwa na watu 1,136,187, na Makueni, ng'ambo ya mto Athi, 987,653. Kwa zahanati za mashambani, silaha za kwanza ni kipima presha, kijiti cha kupimia mkojo, na magnesiamu salfeti, dawa ambayo jaribio la 2002 lililohusisha takriban wanawake 10,000 lilionyesha kuwa hupunguza hatari ya mtetemeko kwa zaidi ya nusu. Lakini kipimo chochote, cha bei ghali au rahisi, mwishowe humfikia mama kwa maneno.

Kwa hivyo napendekeza hatua ya kwanza iitwe presha ya kondo. Presha ni neno linalojulikana sokoni na kanisani. Kondo kila mkunga analifahamu. Jina hili hutaja chanzo, halimtupii mtu aibu, na laweza kusemwa mapema bila kutisha. Wapo watakaolipinga, na nawakaribisha. Ninachoomba ni kwamba, kabla halijaingia kamusini, tulipeleke kwa wakunga na kina mama wakwe wa Kitui na Makueni, tuwaulize wanasikia nini ndani yake.