Jiko la Mashua Si la Kubahatisha

Mtu aliyezaliwa Mombasa, ambako upepo wa bahari hutafutwa kwa hamu, si rahisi kuamini kwamba kuna mabaharia wanaolala na soksi miguuni na kofia kichwani. Lakini huku magharibi mwa Scotland, ambako mimi na mume wangu tunaishi ndani ya mashua ya tanga, wakati wa baridi kuta za chumba hutoka jasho na magodoro huloa. Mtoto wetu ana pumu. Kwetu sisi, basi, jiko la kutia joto halikuwa anasa.

Tulilolikataa kwanza ni la gesi lisilo na dohani. Kila kilo moja ya propeni inayoungua hutoa zaidi ya kilo moja na nusu ya maji, yakiwa mvuke. Huko ni kuanika nguo mvuani! Tena gesi hiyo ni nzito kuliko hewa. Ikivuja hutuama chini ngamani, ikingoja cheche.

Mume wangu alipenda hita ya dizeli inayopuliza hewa ya moto kwa feni. Hupasha upesi, ila hutegemea betri.

"Baba Saidi," nikamwuliza, "betri ikiisha usiku wa manane, tutapulizwa na nani?"

Akacheka, hoja ikaisha.

Jiko la kuni hukausha chumba vizuri, lakini kuni zataka nafasi, na majivu si rafiki wa pumu. Tukachagua jiko la dizeli ambalo mafuta hushuka yenyewe kutoka tangini, tone kwa tone, bila umeme. Mashua ikilalia upande moto huyumba, lakini sisi hulitumia tukiwa tumetia nanga. Moshi wote hutoka kwa dohani, na tundu la kuingizia hewa safi halizibwi kamwe.

Juu ya hayo tulitundika kengele ya kutambua kaboni monoksaidi, sumu isiyo na rangi wala harufu. Sumu hiyo ndiyo iuayo watu kwetu Kenya wanapoingiza jiko la makaa chumbani na kufunga madirisha. Haijali kama uko baharini au Limuru. Ndugu msomaji, Julai ikija na baridi yake, toa jiko nje kabla ya kulala. Blanketi la pili ni rahisi kuliko matanga.