Folda Yenye Majina Mawili

Kwa miaka mingi niliwafundisha vijana wa kompyuta sheria moja kabla ya nyingine zote: jina la folda lisiwe na nafasi. Andika mradi_wangu, usiandike Mradi Wangu. Sikuona cha kujadili hapo. Make, zana iliyobuniwa na Stuart Feldman huko Bell Labs mwaka 1976, hutenganisha majina ya mafaili kwa nafasi. Ikikuta Mradi Wangu inahesabu vitu viwili, na vyote viwili inavikosa. Hata msimbo wa Linux, ukiuweka ndani ya folda yenye nafasi, unagoma kujengwa na kukwambia sababu waziwazi. Kama wakubwa wamekataa, mimi nani?

Kilichonigeuza ni laptopu ya mwanafunzi mmoja. Alikuwa anatengeneza programu ya simu ya kutunzia hesabu za duka la mama yake. Kila akianza kuijenga, inakatika: faili halipatikani. Tukaisoma ile njia kwenye ujumbe wa hitilafu. Ilianza C:\Users, likafuata jina la kwanza la mtu, basi. Jina la pili lilikuwa limekatwa.

Nikampa jibu nililozoea kuwapa wote: fungua akaunti mpya yenye jina moja, uhamishie vitu huko. Akasema, "Mwalimu, laptopu ni ya kaka. Akaunti hii ndiyo yenye kazi zake zote za ofisini. Nitaanzaje kumgusia?"

Sikuwa na jibu. Kaka mtu aliulizwa jina na kompyuta, akaandika majina yake mawili kama tunavyojiandikisha popote. Kompyuta ikayapokea, ikaunda folda, na programu zake nyingine zote zikafanya kazi humo bila shida. Iliyoshindwa ni zana ya kujengea peke yake.

Safari hii tukaingia ndani ya zana. Tulikuta skripti yenye $NJIA pasipo alama za kunukuu. Ganda la Unix likikutana na $NJIA iliyo uchi hivyo, huikatakata kila penye nafasi. Ukiandika "$NJIA", huiacha nzima. Tukaziongeza alama mbili hizo, programu ikajengeka hadi mwisho.

Tangu hapo nimekuwa mtu wa upande wa pili. Unix inaruhusu nafasi katika jina la faili. Inachokataza ni mkwaju na baiti ya sifuri tu. Windows 95 ilikuja na folda iitwayo Program Files, kwa hiyo hakuna anayeweza kusema hakuambiwa. Na hasara yake si ujenzi kukatika tu. Novemba 2001, kisakinishi cha iTunes 2.0 cha Mac kilifutia watu data zao, kwa sababu njia yenye nafasi ilifika kwenye amri ya kufuta bila kunukuliwa.

Make yenyewe siidai ibadilike. Makefile zisizohesabika zinategemea nafasi iwe kitenganishi, na kuigusa leo ni kuzivunja. Lakini zana zilizokuja baadaye hazina udhuru huo. Ninja inaipokea nafasi ikitanguliwa na alama ya dola, na CMake huiandika alama hiyo yenyewe, mtumiaji hana habari. Hata find na xargs za zamani zina -print0 na -0, zinazotenganisha majina kwa ile baiti ya sifuri isiyoweza kuwemo ndani ya jina lolote. Njia ipo na inafahamika. Inayokosekana ni heshima kwa mwenye folda.

Basi wewe unayeandika zana au skripti ya kujengea programu, ninakuomba: kabla hujaitoa kwa watu, iendeshe ndani ya folda iitwayo Hesabu za Ng'ombe wa Bibi, pamoja na nafasi zake zote na kile kiapostrofi. Ikikwama humo, bado haijaisha.