Nikumbushe Baadaye

Kompyuta ya steshenari ya mjomba, hapa Mugeta, ilikuwa na kisanduku kidogo kilichojitokeza kila asubuhi kwenye kona ya skrini. Kilitaka ruhusa ya kusasisha mfumo. Nilikuwa nabofya "nikumbushe baadaye", kisha naendelea na kazi. Nilifanya hivyo kwa wiki nyingi, na nilijiona mjanja.

Sababu ninayo. Nilikuwa nimerudi nyumbani kuandika tasnifu ya shahada ya uzamili, na kwa kuwa mjomba alikuwa akivuna pamba, nilimshikia duka. Intaneti yetu ni bando la simu. Apdeti moja kubwa inaweza kumeza gigabaiti kadhaa, na hiyo ni hela ya kuchapa barua nyingi sana. Kwa hiyo niliingia kwenye mipangilio nikaiambia kompyuta kwamba intaneti ya simu yangu ni ya kupimwa, isivute kitu kikubwa bila kuniuliza. Ikatii.

Siku ya mwisho ya kuomba mkopo wa elimu ya juu, mzee mmoja alikuja na binti yake kwa baiskeli.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba, mwalimu."

Mimi si mwalimu, ila kwetu anayekaa mbele ya kompyuta huitwa hivyo. Fomu ya binti ilikuwa imeshachapwa, mdhamini ameshasaini, muhuri wa kijiji umegongwa, wakili naye amemaliza. Kilichobaki ni kuskeni kurasa zenye saini na kuzipandisha. Dakika kumi.

Ila asubuhi ile simu yangu ilikuwa imeisha chaji, nami tangu nifungue duka nilikuwa natumia intaneti ya simu ya mjomba. Sikujua kwamba ule mpangilio wa kupimwa hushikamana na mtandao mmoja mmoja. Kwa simu ya mjomba, kompyuta iliona njia mpya isiyo na kizuizi, ikavuta kimyakimya yale yote niliyoyaahirisha. Ukurasa wa maombi ukagoma kufunguka. Nikafanya tunachofanya sote: nikaizima ili niiwashe upya.

Skrini ikawa ya bluu, na maneno ya Kiingereza katikati: asilimia 0, usizime kompyuta.

"Inasemaje?" mzee akauliza.

"Mtandao unasumbua, mzee."

Akatikisa kichwa kwa kuelewa. Mtandao ni mtu rahisi kusingiziwa. Kila mmoja ana kesi naye.

Asilimia 12. Asilimia 27, ikakaa hapo. Nilijua kwa nini siruhusiwi kuchomoa waya. Kuna mafaili ambayo mfumo hauwezi kuyabadilisha wakati unayatumia, kama fundi asivyoweza kubadilisha tairi la gari linalokwenda, ndiyo maana hungoja uzime kwanza. Ukiukatia umeme katikati, huenda usiwake tena. Nasi hatuna betri ya akiba. Nikawa naiombea taa ya dukani isizimike, huku binti akiwa ameipakata bahasha yake, haongei.

Saa saba mchana ilikuwa asilimia 64. Mzee akaamua: bodaboda mpaka Bunda mjini. Alitoa noti kwenye mfuko wa ndani wa koti, akazihesabu mara mbili. Mimi nikajifanya nashughulika na printa.

Waliwahi. Jioni binti alinipigia kunishukuru kwa kuhangaika nao.

Usiku huo sikuigusa tasnifu. Nilisoma kuhusu apdeti, nadhani nikitafuta wa kumlaumu. Nikakutana na habari ya WannaCry. Tarehe 14 Machi 2017 Microsoft ilitoa kiraka cha kuziba tundu katika Windows. Tarehe 12 Mei mwaka huohuo kirusi kikapita katika tundu hilohilo, kikafunga kompyuta katika nchi zaidi ya 100, zikiwamo za hospitali za Uingereza, ambako maelfu ya miadi ya wagonjwa ilifutwa. Dawa ilikuwapo kwa karibu miezi 2. Walio wengi kati ya walioumia walikuwa bado hawajaitumia. Nikazifikiria flashi ninazochomekewa kila siku, zimepita shule na ofisi ngapi, na vyeti vya watu vilivyomo kwenye mashine ile.

Bado naamini wanaotengeneza mifumo hii wanamfikiria mtu mwenye umeme usiokatika na intaneti isiyohesabiwa. Gharama ya usalama wao sisi tunailipa kwa bando. Lakini siku ile mwenye kulipa hakuwa mimi niliyebofya. Alikuwa mzee aliyeamini ni mtandao.

Jumapili nilienda kwake na nauli ya bodaboda, ya kwenda na kurudi. Nikamweleza yote, hata sehemu ya kuahirisha.

"Kwa hiyo haukuwa mtandao."

"Haukuwa, mzee. Nilikudanganya."

Alinitazama muda mrefu kuliko nilivyopenda. Kisha akazipokea, akazihesabu mara mbili, akazirudisha mfuko uleule.

"Jumatatu tunakuja kutoa kopi vyeti vya binti," akasema. "Hicho kidude chako ukimalize Jumapili."

Nilirudi dukani jioni ileile, nikanunua bando, nikabofya "sasisha sasa", nikakaa nacho mpaka kikamaliza.