Mmoja wa Shela, Mmoja wa Gede

Wahenga walisema mshika mbili moja humponyoka. Methali hii nimeiandika katika insha tangu shule ya msingi bila kuijali, mpaka likizo ya Agosti nilipowekewa vipaka wawili mbele yangu nikaambiwa nichague mmoja. Usicheke. Nisikilize kwanza.

Kwetu Shela mbwa hafugwi ndani ya nyumba. Sisi ni Shafii, na mbwa akikulamba huna budi kujitwaharisha. Lakini paka ni mwenyeji. Huingia mpaka chumbani, hulala juu ya msala, na hakuna amfukuzaye. Chuoni tulifunzwa kwamba yule sahaba Abu Huraira, maana ya jina lake ni baba wa kipaka. Basi nyumba isiyo na paka huku kwetu ni kama nyumba isiyo na mlango, na yetu ilikuwa hivyo tangu Ramadhani, paka wetu mkongwe alipokufa. Panya wakatawala kweli kweli! Walitoboa gunia la mchele, wakautoboa na mkoba wangu wa shule kwa sababu ya kipande cha mkate.

Mama akasema, "Haya, mlete paka. Lakini mmoja tu. Samaki siku hizi si wa kugawa."

Bibi, yaani mamake baba, alikuwa ameshaona wake. Chini ya ngazi ya jirani paka alikuwa amezaa, na kipaka mmoja mweupe mwenye madoa ya manjano alikuwa ameanza kutoka uchochoroni. "Huyu ni paka wa Lamu hasa," alisema Bibi. "Tizama shingo yake. Tizama miguu." Paka wa Lamu ni wembamba, warefu wa miguu na shingo, na wageni wanaokuja kututembelea hupenda kusema wamefanana na paka wa michoro ya kale ya Misri.

Wiki ile ile mjomba wangu akaja kutoka Gede. Alipanda basi Malindi, akashuka Mokowe, akavuka kwa boti, na mkononi ana kikapu cha ukili kilichofungwa kwa leso. Alipokifungua, akatoka kipaka wa kahawia, ana mistari na mabaka, ukimweka juu ya gogo humwoni. Mjomba alitwambia kuwa Wagiriama humwita kadzonzo, kwa kuwa amefanana na gome la mti. Ni paka wa msitu wa Arabuko Sokoke.

Hapo ndipo mashaka yalipoanza. Msomaji, lazima nikwambie jambo. Baba yangu ni mtu wa Shela na mama yangu ni Mgiriama. Nyumbani hatulizungumzi sana, lakini wako wanafunzi wenzangu huniita "nusu nusu", eti wanafanya mzaha. Bibi hakumtukana mama hata siku moja, lakini nyumbani kwetu hakuna Kigiriama kilichosemwa. Sasa Bibi ana kipaka wake, mjomba ana wake, na mimi niko katikati. Mama alikuwa akikuna nazi, hakuinua uso. Nilijua nikimchagua wa Bibi, mama atanyamaza vile vile. Kunyamaza kwake ndiko kulikoniuma.

Nikaomba siku saba.

Siku hizo niliwachunguza kama mwanafunzi wa baolojia. Kwanza niliona wanavyofanana. Wote wawili wembamba, manyoya mafupi, masikio makubwa, miguu mirefu. Usiku taa ikizimwa huwezi kujua nani ni nani. Tofauti zilikuwa ndogo. Wa Gede alitembea kama anayenyatia, miguu ya nyuma kwenye ncha za vidole. Alinifuata kila niendako, na nikitoka alilia mlangoni. Wa Shela hakuwa na shida na mtu. Alikula dagaa wangu, kisha akaenda zake kwa mamake.

Shule zilipofunguliwa siku zangu zilikuwa hazijaisha. Nikamwuliza mwalimu wetu wa baolojia, naye akanitafutia habari za kusoma. Nilisoma kwamba mwaka 1978 Bi Jeni Slater, aliyeishi karibu na msitu wa Sokoke, aliwaona vipaka wa namna hii akawalea. Miaka ya 1980 wengine walipelekwa Denmark, na mwaka 1993 shirikisho la wafuga paka linaloitwa FIFe likawatambua kuwa aina ya peke yao. Wafugaji husema ni paka wanaompenda sana mwenyewe, lakini maradhi ya paka wa mjini huwapata upesi.

Lakini kilichonishangaza zaidi ni hiki. Wanasayansi wa Chuo Kikuu cha California, Davis, akiwemo Leslie Lyons, walipima chembe za urithi za paka wa nchi nyingi. Wakakuta paka wa Sokoke na paka wa mitaani wa pwani ya Kenya, wakiwemo wa Lamu, ni wa ukoo mmoja, nao wako karibu na paka wa Asia kuliko wa Ulaya. Yaani Bibi na mjomba walikuwa wakishindania ndugu!

Jioni hiyo, maji yalikuwa yamejaa, nikarudi kutoka mjini kwa njia ya juu huku nikiwaza. Baada ya alasiri ya siku ya saba nikaketi na Bibi barazani. Mjomba alikuwa ameshaondoka. Nikamweleza niliyoyasoma.

Bibi akasema, "Ukoo mmoja sawa. Lakini huyu kazaliwa hapa, na yule ni mgeni."

Nikamwambia kwa adabu, "Bibi, si wewe uliyenifunza kuwa wazee wetu walivuka kutoka Takwa, wakaja kujenga Shela? Na kila mwaka si tunarudi Manda kuwazuru? Basi na sisi tulikuwa wageni hapa."

Bibi akanitazama kwa muda mrefu. Nilidhani nimevuka mpaka.

Nikaendelea, "Huyu wa uchochoroni ana mamake, ana ufuo, ana wavuvi, na mtaa mzima utamlisha. Hata nisipomchagua ni wetu. Yule wa Gede nisipomchagua hana mtu. Namchukua yeye."

Bibi hakujibu. Alichukua bakora yake akaingia ndani kuswali magharibi.

Asubuhi yake nilipokuwa nikifunga viatu vya shule, nikasikia sauti ya Bibi jikoni. Alikuwa ameshika kichwa cha samaki, anaita, "Kadzonzo! Kadzonzo, ndoo!" Alilitamka vibaya, na mama akamsahihisha. Bibi akalirudia. Mama akacheka mpaka akaliweka chini bakuli la unga. Sikumbuki kumwona akicheka vile mbele ya Bibi.

Siku hizi kadzonzo hulala miguuni pa Bibi, na panya wamehama. Yule mweupe wa uchochoroni huja kila tukila, na mama humtupia miba huku akisema, "Nilisema mmoja tu." Kwa hiyo wahenga wanisamehe. Mimi nilishika mmoja, na wa pili akaja mwenyewe.

Nawe msomaji, ukitaka kuchagua baina ya wanyama wawili waliofanana, usiangalie rangi, wala usiulize nani kasifiwa zaidi. Uliza ni yupi atakayebaki bila mtu ukimwacha. Mimi nilianza hapo, na sijajuta.