Dogo wa Mtambile na chupa ya laki mbili: mkebe ndo ulifika nyumbani

Kuna kijana mmoja wa Mtambile, jina kapuni, ambaye kwa miezi mitano alitembea na siri ya sentilita 70. Siyo demu, siyo deni la mkopo wa simu. Ni wiski. Na siyo ile ya kuchanganya na koka mpaka rangi ipotee, hapana. Yeye anakunywa ile ya kukaa nayo nusu saa, inaitwa single malt. Wahudumu wenzake kazini waliiita "singo molti" na jina likaganda.

Kwa wale wa Dar ambao Pemba wanaisikia kwenye karafuu tu: Mtambile iko kusini, wilaya ya Mkoani, pale gari za Chake zinapopita kwenda bandarini na njia ya Kengeja inapochepuka. Soda baridi utapata, chai ya tangawizi utapata. Ukiulizia baa utaangaliwa kama mtu aliyeshuka boti siyo yake. Huko ndo alikozaliwa mtu ambaye leo akinusa glasi anakwambia hii ililala kwenye pipa la bourbon, ile ya pipa la sheri. Maisha haya jamani!

Alivuka kwenda Unguja baada ya kidato cha nne. Akapata kazi hoteli moja ya kaskazini, mwanzo kuosha glasi, baadae kaunta. Nyumbani alisema yuko "chakula na vinywaji". Uongo si uongo, ndivyo mkataba ulivyoandikwa.

Sasa pale hotelini alikuja mzee mmoja wa Scotland, mstaafu. Kila jioni anaagiza toti moja, anaomba maji, anadondosha matone mawili tu, halafu anakaa na ile glasi mpaka jua lizame. Kijana akajua mzee bahili. Siku ya nne akauliza. Mzee akamsukumia glasi: nusa kwanza, mdomo mbali.

Mara ya kwanza alisikia moto tu. Mara ya pili kama asali. Ya tatu akasita, akanusa tena, akacheka mwenyewe. Karafuu! Akajua pua inamtania, mtu wa Pemba hata ukimpeleka mwezini atasikia karafuu. Mzee akamwambia hujakosea. Mti wa mwaloni unaotengenezewa mapipa una eujenoli, na eujenoli ndiyo hiyohiyo iliyojaa kwenye mafuta ya karafuu. Yaani dogo kakulia chini ya mikarafuu, kaenda kukutana na harufu ya kwao ndani ya chupa ya Wazungu.

Na siyo harufu tu. Akiwa skuli walipelekwa Wawi, kile kiwanda cha makonyo cha ZSTC, akaona vikonyo vya karafuu vinavyopikwa kwa mvuke, mvuke unapozwa, mafuta yanatoka. Mzee alipomueleza jinsi wiski inavyokenekwa kwenye mitungi mikubwa ya shaba, mara mbili kwa kawaida, kijana akawa anaitikia kama mtu anayesimuliwa habari za mtaani kwao. Kanuni ni ileile: chemsha, nasa mvuke, poza. Wale wanaanza na shayiri iliyooteshwa, sisi na vikonyo.

Hapo ndo alipoelewa jina. "Malt" ni hiyo shayiri iliyooteshwa, na "single" maana yake imetoka kiwanda kimoja, haijachanganywa na ya jirani. Sheria ya Scotland inataka wiski ilale kwenye pipa la mwaloni siyo chini ya miaka 3, na ikitiwa kwenye chupa isiwe chini ya asilimia 40 ya kileo. Chupa ikiandikwa 12, basi hata tone changa kuliko yote mle ndani lina miaka 12. Na kila mwaka pipa linapoteza kama asilimia 2 hewani. Wenyewe wanaita fungu la malaika. Hilo neno kijana hakulirudia kwa mtu yeyote wa Mtambile, na alifanya vizuri.

Basi bwana, mapenzi yana gharama. Hotelini toti moja ilikuwa 25,000, na toti ni mililita 30, meza mbili za supu tu. Piga hesabu: chupa ya sentilita 70 inatoa toti 23, ina maana hoteli inakusanya 575,000. Kijana akaona bora anunue chupa yake. Wazo zuri, muda mbaya. Januari 2024 Zanzibar iliadimika pombe baada ya vibali vya waagizaji kubadilishwa mikono. Mahoteli yakahangaika, bei zikaruka, na mwezi huohuo waziri wa utalii akajiuzulu, watu wakaunganisha mambo wenyewe. Wageni wanalalamika hakuna bia, wewe unatafuta singo molti!

Akasubiri mpaka alipopata safari ya Dar. Akaingia duka moja, akaiona Glenfiddich ya miaka 12, chupa ya kijani ya pembetatu, ndani ya mkebe mrefu wenye picha ya kulungu. Hawa ndo walioanza kuisukuma singo molti nje ya Scotland mwaka 1963, wakati dunia ilikuwa inajua za kuchanganya tu. Bei: 210,000.

Alitoka nje. Akarudi. Akatoka tena. Muuzaji akadhani mwizi.

Ukweli, kwenye dunia ya wiski hiyo ni chupa ya wanyonge. Novemba 2023 pale London chupa moja ya Macallan ya mwaka 1926 ilipigwa mnada kwa zaidi ya pauni milioni 2, yaani bilioni sita na ushee za kwetu. Lakini mwenye mshahara wa kaunta halinganishi na mnada wa London, analinganisha na nyumbani. Na nyumbani wiki hiyohiyo baba alikuwa kapiga simu: jiko linavuja, yanahitajika mabati. Kijana alituma 50,000 akasema mwezi huu mambo magumu.

Halafu akanunua.

Mtu anaweza kumtukana hapo, na wengi mtamtukana. Ila alivyoinywa hiyo chupa si kama mlevi. Jumapili usiku akitoka shifti, toti moja, matone mawili ya maji, mlango umefungwa, simu imezimwa. Wenzake walikuwa wanamaliza mshahara klabu Paje kwa usiku mmoja, yeye chupa moja ilimfikisha miezi mitano. Kilichokuwa kinamkaa kooni siyo ile asilimia 40, ni ile 50,000.

Chupa ikaisha. Mkebe ukabaki, mzuri, unang'aa, hautupiki. Alipokwenda kwao Idi akaununulia udi, akaujaza, akampelekea mama. Mama alifurahi mpaka akawaita majirani. Mkebe ukawekwa juu ya kabati sebuleni, kulungu anatazama mlango.

Nyumba nzima anayesoma Kiingereza vizuri ni mdogo wake, kidato cha pili. Usiku akamfuata barazani.

"Kaka, ule mkebe ulikuwa na nini?"

"Si umesoma."

"Nimesoma. Nakuuliza wewe."

Kijana akasema kweli. Dogo hakupiga kelele, hakusema haramu, hakusema atamwambia mtu. Aliuliza kitu kimoja tu: bei gani? Akaambiwa. Akanyamaza kidogo, vidole vinacheza. Kwa ile bei iliyokaa misimu mingi, 14,000 kwa kilo ya daraja la kwanza, laki mbili na kumi ni kilo 15. Kilo 15 kavu. Mbichi zidisha kama mara tatu, na zote zinatoka juu ya mti, kwa mkono, kikonyo kwa kikonyo.

"Mimi msimu uliopita sikufikisha hizo," dogo akasema. Akaingia ndani kulala.

Hivi hapo unajibu nini? Kijana alikaa pale barazani mpaka mbu wakamchoka.

Asubuhi anaingia sebuleni, mkebe umegeuzwa. Kulungu na maandishi yote yanatazama ukuta, nyuma kijani tupu. Nani kaugeuza? Dogo kaapa siyo yeye. Baba alikuwa msikitini tangu alfajiri. Mama alikuwa jikoni anasukuma chapati, ndoo imekingwa pembeni chini ya lile tundu la bati. Hakugeuka kumtazama.

"Mkebe mzuri ule mwanangu," akasema. "Lakini ukiona mwengine usinunue. Huu mmoja wanitosha."

Boti ya kurudi Unguja kijana hakuzungumza na mtu. Mwisho wa mwezi akatuma 160,000, na picha ya bati jipya ikarudi kwenye WhatsApp, imepigwa na dogo, imepinda kidogo, bila maneno. Singo molti bado anaipenda, hilo hajaficha kwa wenzake wa kaunta. Siku hizi mgeni akiagiza, anamimina, anainusa kabla hajaisogeza, karafuu iko palepale. Chupa yake mwenyewe hajanunua tena. Anasema bei imepanda.